Mwili Alionipa Mungu: Je, Ni Dhambi Kutaka Kuubadilisha?

Masomo: Marko 5:25–34, Luka 11:27–28, 1 Samweli 1:9–18, Wimbo Ulio Bora 8:8–10

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa alinifuata mpaka mlangoni akaniambia kwa upole, "Mama mchungaji, si ungesema tu kifua?" Alikuwa anazungumzia lile neno nililolitaja madhabahuni. Nilisema matiti. Vijana walicheka, kina baba wakaangalia chini, na kina mama wengine wakaanza kutafuta kitu kwa mkoba. Mzee wetu namheshimu, lakini katika maandishi haya nitatumia maneno yote mawili. Biblia yenyewe haikuliogopa hilo neno. Na jambo lililonifanya nihubiri hivyo lilifichwa mwaka mzima kwa sababu mtu alikosa mahali pa kulitaja.

Mwezi uliopita baada ya kesha la Ijumaa, binti mmoja alibaki nyuma wakati wengine wanakimbilia matatu za kwanza za asubuhi. Ana miaka 22, yuko chuo mjini, wanapanga chumba na mwenzake huku Umoja. Ameniruhusu nisimulie, na nimeacha yote yanayoweza kumtambulisha. Alisema anataka maombi. Nikamuuliza, maombi ya nini, mama? Akanyamaza kabisa. Halafu akasema, "Mimi sijakua."

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza huku ameshika sweta yake. Wenzake walianza kukua wakiwa darasa la sita, la saba. Yeye akaambiwa angoje sekondari. Sekondari ikaisha, akaambiwa angoje chuo. Sasa yuko chuo na bado kifua ni kidogo, na upande mmoja ni mkubwa kidogo kuliko mwingine. Havai blauzi bila sweta, hata jua la Januari. Alianza na krimu kutoka mjini, akaingia kwa vidonge vya mtu mmoja wa TikTok ambaye hutuma mzigo kwa boda. Vimekula karibu elfu tatu na mia tano kila mwezi, pesa ya HELB, pesa ya chakula. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo kichwa cha somo hili: "Mama, nikitaka kubadilisha vile Mungu aliniumba, ni dhambi?"

Wapendwa, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ninyi nyote mnalijua. Zaburi 139, tumeumbwa kwa njia ya ajabu, jikubali binti, Mungu hafanyi makosa, haya tuombe. Jibu zuri, tena ni kweli. Lakini usingizi ulinisaidia. Nilikuwa nimechoka na kesha, nikachelewa kusema, na katika ule ukimya yeye akaendelea. Alisimama kama anaondoka, akashika mlango, akasema bila kuniangalia, "Na kuna kitu upande wa kushoto. Kama bano, zile za watoto. Kiko tangu mwaka jana."

Hapo usingizi uliniisha. Na nimeendelea kufikiri juu ya zile sekunde chache. Kama ningemjibu haraka na Zaburi yangu, angesema amina, angeenda nyumbani, na ile bano ingebaki pale pale. Alikuwa amenipima kwanza na jambo dogo, aone kama nitamcheka au nitamkemea, kabla ya kunipa lile kubwa.

Tunasoma katika 1 Samweli jinsi Hana alivyoingia hekaluni akilia juu ya mwili wake uliokataa kuzaa. Midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani Eli, mtumishi wa Mungu, aliyekaa pale kwa kiti chake, akaamua kwamba huyu mama amelewa. Alikuwa na jibu kabla ya swali. Mungu hakumkemea Hana kwa huzuni yake. Aliyekosea siku ile alikuwa mtumishi, na sifa moja ya Eli ni kwamba aliposahihishwa alikubali, akambariki. Watumishi wenzangu, na viongozi wa kina mama, na sisi wazazi, tujifunze kwa Eli sehemu zote mbili.

Sasa turudi kwa swali la binti. Kabla ya kuuliza kama yeye ametenda dhambi, nilitaka kujua ni nani alimfundisha kwamba amepungukiwa. Nilitarajia aseme ni simu, zile picha zote. Hakutaja simu. Alimtaja shangazi yake, ambaye katika ruracio ya binamu yake alisema mbele ya watu kwamba huyu naye sijui watoto wake watanyonya nini. Alimtaja dada wa kwaya, ndiyo, kwaya yetu, aliyemgawia sare akisema yake itabidi ishonwe ya mtoto. Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Baada ya wiki mbili aliacha kwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini.

Na msidhani mwenye kifua kikubwa ameponea. Pale mlangoni tuna kikapu cha leso. Wahudumu wa mlangoni wanajua ninachosema. Mabinti wawili wanaingia na blauzi za aina moja, labda wamezichagua pamoja Gikomba. Mwembamba anapita. Mwenzake anafunikwa leso na kuambiwa avae kama mtu aliyeokoka. Nguo ni ile ile. Kwa hivyo tulichohukumu pale mlangoni hakikuwa nguo, kilikuwa mwili, na mwili huo hakuuchagua yeye. Huyo naye najua anatembea ameinamisha mabega kutoka stage mpaka kanisani, kwa sababu ya midomo ya makanga, halafu akifika kwa watu wa Mungu anapokelewa na leso.

Jambo hili halikuanza leo. Kina mama waliokulia mashambani wanawakumbuka wale wadudu weusi wadogo wanaozunguka-zunguka juu ya maji yaliyotulia mtoni. Mwaka 2005 watafiti wawili walichapisha habari za jinsi wasichana sehemu nyingi za Afrika Mashariki walivyowashika wadudu hao na kuwaacha wawaume kifuani, wakiamini kifua kitakua haraka. Shosho zetu hawakuwa na TikTok, lakini hofu ilikuwa ile ile. Na kule Kameruni kuna akina mama waliofanya kinyume chake: walikanda vifua vya mabinti wao kwa jiwe au mchi uliopashwa moto ili visikue, wakidhani wanawakinga na wanaume. Wakaacha makovu na maumivu ya maisha. Huku mtoto anaumwa na mdudu ili akue, kule anachomwa na jiwe ili asikue, na mahali pote wawili hakuna aliyeuliza mwili wenyewe ni wa nani.

Hata Biblia imeweka mazungumzo hayo. Katika Wimbo Ulio Bora sura ya 8, ndugu wanaketi kujadili dada yao mdogo ambaye kifua chake hakijakua. Wanapanga watamfanyia nini siku atakapoposwa. Ni kama kamati. Wanamsema kama ukuta, kama mlango, kitu cha kujengewa. Lakini mistari miwili baadaye sauti ya mwanamke mwenyewe inasikika, anajisemea, na anamaliza kwa neno amani. Mimi nalipenda jambo hilo, kwamba Roho Mtakatifu hakuiachia kamati neno la mwisho.

Sasa nataka niwape elimu kidogo, kwa sababu ujinga pia unatesa. Nimeketi na dada yetu muuguzi, mshirika wa kanisa hili, akanieleza polepole. Kwa wasichana wengi matiti huanza kukua kati ya miaka 8 na 13. Hayamalizi kwa mwaka mmoja. Huchukua miaka kadhaa, mara nyingi mpaka 17 au 18, na kwa wengine mabadiliko madogo yanaendelea hata baada ya hapo. Yanabadilika na hedhi, na kunenepa na kukonda, na ujauzito. Ukubwa unategemea sana urithi na mafuta ya mwili. Upande mmoja kuwa mkubwa kuliko mwingine ni jambo la kawaida sana, wanawake wengi wako hivyo. Na wewe shangazi wa ruracio, sikia hili: ukubwa wa titi hauamui maziwa. Maziwa yanatoka kwa tezi, na titi dogo linaweza kunyonyesha mtoto akashiba kabisa.

Kuna wakati wa kumwona daktari. Msichana akifika miaka 13 bila dalili yoyote ya kuanza kukua, au miaka 15 bila hedhi, apelekwe, mara nyingi ni kuchelewa tu lakini aangaliwe. Na kwa mwanamke wa umri wowote: uvimbe mpya kwa titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au damu kutoka kwa chuchu. Hayo usiyangojee. Uvimbe mwingi kwa wasichana si saratani. Lakini saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya wengi kuliko saratani nyingine yoyote, na wengi wetu tunafika hospitali ikiwa imeshasambaa. Ikishikwa mapema inatibika.

Na zile dawa? Binti aliniletea paketi. Haina jina la kiwanda, haina maandishi ya maana, ni vidonge tu kwa karatasi. Hakuna anayejua ni nini. Tunachojua ni kwamba huku Afrika Mashariki watu wanaotafuta unene na umbo wamekuwa wakimeza dawa kama deksamethasoni, dawa halali ya hospitali kwa magonjwa fulani, bila daktari. Inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na ukiizoea mwili halafu ukaikata ghafla unaweza kuanguka vibaya. Krimu zenye homoni nazo zinaingia kwa damu kupitia ngozi na zinaweza kuvuruga hedhi. Dawa halali husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu na ina jina lake. Kitu kisicho na jina usikimeze, hata kama aliyekuuzia anasema Mungu akubariki.

Sasa, ni dhambi au si dhambi? Kijana mmoja wa kanisa aliniuliza swali la haki kabisa: "Mama, wewe umesuka, umeweka nywele ambazo si zako. Wengine wanafunga waya za meno. Hiyo si kubadilisha kazi ya Mungu?" Ni kweli. Na nikiwa mkweli zaidi, nasuka ili nionekane vizuri. Kutaka kuonekana vizuri si dhambi. Kwa hivyo siwezi kusimama hapa niseme kila badiliko la mwili ni kumkosea Muumba. Mama anayeumwa mgongo na shingo kwa uzito wa matiti yake akapunguziwa na daktari, hajamkosea Mungu. Aliyetolewa titi kwa saratani akajengewa lingine, hajamkosea Mungu.

Na kuhuzunika juu ya mwili wako si dhambi, Hana ametufundisha.

Lakini kuna maswali mawili nilimwachia binti, nami nayaacha kwako. La kwanza, hiki kitu kinaudhuru mwili? Maana mwili ni hekalu, na hekalu unaweza kulipamba lakini huwezi kulipaka kwa sumu. Hata wenye pesa wa kwenda kwa upasuaji wasidhani hili halifiki kwao. Kule Ufaransa kampuni ya PIP iliwawekea wanawake wa nchi nyingi silikoni ya viwandani kifuani. Iligunduliwa mwaka 2010, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa miaka minne jela mwaka 2013. Walikuwa wanawake waliolipa pesa nyingi na kuamini karatasi.

Swali la pili: ni nani anajua? Huyu binti alificha vidonge kwa mwenzake wa chumba, kwa mama yake, kwa daktari. Unaposuka, mtaa mzima unajua. Kitu ambacho huwezi kukitaja kwa mtu mmoja anayekupenda, kiweke chini kwanza mpaka umpate wa kumwambia. Sisemi siri ni dhambi. Nasema siri ndipo dhambi za watu wengine zinapopata nafasi ya kukudhuru: yule anayeuza vidonge visivyo na jina anaishi kwa hiyo aibu yako. Nikitafuta dhambi katika habari hii, kwanza naiona kwake. Halafu naiona kwa sisi tuliompima binti mpaka akaona heri amtafute huyo muuzaji. Kwa binti mwenyewe naona majeraha.

Katika Luka 11 kuna mwanamke aliyepaza sauti katikati ya umati wakati Yesu anafundisha. Alimsifu mama yake Yesu kwa tumbo lililomzaa na matiti aliyonyonya. Ni sifa ya kwetu kabisa, ungeisikia hata Kayole. Yesu hakumkaripia, lakini hakuiacha ikae hapo. Alisema heri zaidi ni ya wale wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Fikirini, hayo yalikuwa matiti ya Mariamu mwenyewe, yaliyomnyonyesha Masihi! Kama kuna matiti duniani yaliyostahili kuwa sababu ya heri ni hayo, na bado Bwana akasema heri ya mwanamke iko mahali pengine.

Na kuna mama kati yetu ambaye anajua neno hilo kuliko mimi ninayelihubiri. Alitolewa titi miaka kadhaa iliyopita. Kwa muda mrefu aliweka soksi ndani ya sidiria kila Jumapili ili tusione. Siku moja katika ushirika wa kina mama aliitoa, akaiweka juu ya meza, akasema amechoka kuibeba. Hakuna aliyecheka. Nilimwomba akutane na binti wetu. Sijui walizungumza nini, walikaa zaidi ya saa mbili, na chai ilipoa.

Namalizia na yule mwanamke wa Marko 5. Miaka 12 anatokwa na damu. Ugonjwa wa kike, usiotajwa, unaomfanya najisi mbele ya watu. Amemaliza pesa zote kwa matabibu na hali imezidi kuwa mbaya. Anakuja kwa nyuma, anagusa vazi, anapona, na angetaka kuponyoka kimya kimya. Yesu anasimama. Anauliza ni nani amenigusa. Nilipokuwa kijana hapo palinisumbua: kwa nini amtoe hadharani mtu aliyejificha miaka yote? Sasa naona. Damu ilikuwa imekwisha kukauka, lakini aibu ilikuwa bado. Akamngoja aseme habari yake yote, na Marko anasema alieleza kweli yote. Yesu hakumkatiza, ingawa Yairo alikuwa pembeni akingoja na mtoto wake mahututi. Kisha akamwita Binti, mbele ya wale wote waliokuwa wakimkwepa.

Mkitaka kujua mwisho, tulienda naye hospitali Jumatatu iliyofuata. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Wakampiga picha ya titi, wakachukua kipande kidogo kwa sindano, wakatuambia tungoje majibu. Siku zile za kungoja sitazisahau, na najua yeye hatazisahau. Ni uvimbe ambao si saratani, wa aina inayowapata wasichana wengi. Daktari atakuwa anauangalia. Vidonge ameviacha kwa usimamizi wa daktari, polepole. Kifua chake kiko vile kilivyokuwa. Sweta bado anaivaa siku nyingine, na mimi simuulizi. Kwaya amesema anafikiria.

Sasa tufanye nini? Wahudumu wa mlangoni, kile kikapu cha leso nimekihamisha. Kiko chumba cha watoto wachanga, kwa kina mama wanaonyonyesha wakitaka. Viongozi wa kwaya, sare zitapimwa kwa faragha, mtu mmoja mmoja, na atakayechekesha watu kwa mwili wa mwenzake atakuja kuniona. Wazazi, ongeeni na mabinti zenu kabla muuzaji hajaongea nao. Baba, ukimtania mtoto wako juu ya mwili wake ukidhani ni mchezo, yeye anaweka hayo maneno moyoni kwa miaka. Na Jumapili hii baada ya ibada ya pili, dada yetu muuguzi atakaa kwa chumba cha shule ya Jumapili, mlango umefungwa, kwa yeyote mwenye swali. Hakuna pesa, hakuna kuandika jina. Kina mama wa umri wangu pia mje, msijifanye ni ya vijana. Na atakayeambiwa aende hospitali na anaogopa kwenda peke yake, aniambie, Mama Lucy si mbali, tutaenda pamoja.

Tuombe. Baba, wewe ulitujua kabla hatujajijua. Utusamehe kwa macho yaliyowapima watoto wako na vinywa vilivyowacheka. Wale wanaoficha uvimbe, wanaoficha vidonge, wanaoficha machozi, wape mtu mmoja wa kumwambia. Na akituchagua sisi, utuzuie tusijibu haraka. Katika jina la Yesu, Amina.